Land Rover 109 ya Bomba la Maji: Shajara ya Ujenzi, Mtwara

10 Novemba 2024. Vipimo

Gari lenyewe limekaa juu ya mawe nyuma ya gereji moja hapa Chikongola. Injini ilishang'olewa, tairi limebaki moja, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ni Land Rover 109, Series III, pikapu ya milango miwili. Mwenyewe ni mzee aliyeliendesha miaka na miaka akisomba korosho kutoka vijiji vya Tandahimba kuleta mjini.

"Shikamoo babu. Naomba nilipime gari lako."

"Marahaba. Unalinunua?"

"Hapana babu, nataka kulitengeneza dogo, la kuweka mezani."

Akanyamaza kidogo. "Haya, pima. Ila kuna kuku analalia humo, usimguse."

Nimechagua uwiano wa 1:10. Wanaojenga mifano ya kwenye maboksi, ya Tamiya au Revell, wengi hutumia 1:24, lakini mimi sina boksi, nina bomba la maji. Kwa 1:10 hesabu inakuwa nyepesi, maana kila sentimita ya gari ni milimita moja ya mfano. Ile 109 kwenye jina ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, yaani sentimita 277. Kwenye mfano ni milimita 277. Urefu wote ni milimita 444, upana 168. Tairi ni 7.50-16, kimo chake kama sentimita 81, kwa hiyo mimi nahitaji milimita 81. Nilipima kila kitu kwa futi kamba, nikapiga picha zaidi ya mia.

Kikokotoo sikukigusa hata mara moja. Anayetaka kuiga, aanze na uwiano huu.

17 Novemba. Bomba limeungua

Nilipata kipande cha mita moja cha bomba la PVC la inchi 4 kwa fundi bomba, shilingi 4,000. Ukilipasua kwa urefu na kulilainisha kwa moto linafunguka na kuwa bapa lenye upana wa sentimita 34 hivi. Bodi yote itatoka humo.

Kosa la kwanza ni langu na ni la kijinga. Nililiweka juu ya jiko la mkaa moja kwa moja. Upande mmoja ukawa wa kahawia na kuvimba, wa pili bado mgumu, na moshi wake ukanikaba koo hadi jioni. Moshi wa PVC ni tindikali, usichezee. Nusu ya bomba ikaenda.

Dawa niliipata kwa mama, ambaye huwa anakaanga karanga kwenye mchanga. Nilijaza karai mchanga mkavu, nikaupasha, nikauteremsha motoni, kisha nikakifukia kipande kilichobaki humo. Ndani ya dakika chache kikalegea kama chapati, bila moshi. Nikakibana katikati ya vigae viwili vya sakafuni, juu ndoo ya maji, nikaacha usiku kucha. Kimenyooka kabisa. Mama hajafurahia sana hali ya karai lake.

15 Desemba. Chesisi na springi

Hapa hapana kisa kirefu. Chesisi ni vipande vya bapa vilivyounganishwa kuwa boksi, ekseli ni spoku za baiskeli, na matumbo ya difu ni vifuniko viwili vya dawa ya meno vilivyokatwa. Springi ndizo zilizonipendeza. Ile mikanda ya plastiki inayofungia marobota ya mitumba, ukiikata vipande kuanzia kirefu hadi kifupi na kuvipanga, unapata springi ya majani iliyopinda yenyewe. Mikanda iliokotwa sokoni, haikunigharimu kitu.

Mimi ni fundi simu, kwa hiyo koleo ndogo, lenzi na chuma cha kuchomelea risasi ninavyo tayari. Nilichonunua ni kisu na nyembe zake, 3,500, na supagluu chupa sita kwa 6,000. Hizo sita nimehesabia hadi mwisho wa kazi.

5 Januari 2025. Matairi mara tatu

Mara ya kwanza nilikata duara kwenye soli za ndala na kubandika mbili mbili kufikisha upana wa milimita 20, nikazungusha kwenye drili na kusugua kwa msasa mpaka zikawa sawa. Umbo zuri. Nikapaka rangi nyeusi. Nilipobonyeza kwa kidole, rangi ikapasuka kama udongo wa kiangazi, kwa sababu ndala inabonyea na rangi haibonyei.

Mara ya pili niliichanganya rangi na gundi nyeupe ya mbao. Ikakubali kubonyea, lakini iling'aa kama kiatu cha harusi.

Mara ya tatu nikaacha ubishi. Nikavuta tyubu kuukuu ya baiskeli juu ya lile duara la ndala, nikaigandisha kwa solusheni ya kuzibia pancha. Ni mpira wa kweli, una weusi wa kweli, na ukiusugua kwa msasa unapata ule ujivujivu wa tairi lililotembea. Meno ya tairi nimeyakata kutoka tyubu hiyohiyo, moja moja, yakabandikwa kwa solusheni. Matairi matano kwa siku tisa. Tyubu na solusheni 3,500.

26 Januari. Taa zimekaa pabaya

Bodi imesimama. Milango, boneti, kasha la nyuma, vyote vimekaa, mipasuo imezibwa kwa puti ya gereji (robo kopo, 4,000) na kusuguliwa. Ribiti za bodi ni vitone vya gundi nyeupe vilivyowekwa kwa kijiti cha meno. Ukiona kitone kimekuwa kikubwa, kifute kabla hakijakauka urudie. Kwa uwiano huu ribiti ya kweli ni chini ya milimita moja.

Nilimpelekea mzee picha kwenye simu nikitegemea sifa. Akaisogeza mbali, akaivuta karibu.

"Hili si langu. Hili lina macho puani."

Nilikuwa nimeweka taa kubwa ndani, karibu na shoo ya mbele. Sehemu ile ya gari lake imebomoka, basi nikajazia kwa picha nilizozikuta mtandaoni bila kuangalia mwaka. Kwenye Series II ya mwanzo taa zilikuwa ndani, kando ya shoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamishiwa kwenye madigadi, na Series III, iliyotoka 1971, zimekaa huko nje tangu mwanzo wake. Shoo nayo ilibadilika, kutoka wavu wa chuma kuwa ya plastiki. Na dashibodi pia. Zamani mita zilikuwa katikati, Series III zimeletwa mbele ya dereva. Nikaangalia dashibodi yangu. Mita zangu zilikuwa katikati.

Kwa hiyo nilikata uso wote wa mbele na dashibodi nzima. Siku kumi za kazi zikarudi kwenye boksi la takataka. Taa mpya nimezitengeneza kwa pakiti za vidonge. Kile kibonyeo cha plastiki angavu ndicho kioo cha taa, na ile karatasi yake ya fedha nyuma yake ndiyo inayorudisha mwanga.

9 Februari. Vioo vimeota ukungu

Vioo nimekata kwenye maboksi angavu ya kava za simu, ninayo tele dukani. Nikavibandika kwa supagluu na kufunga paa. Asubuhi vioo vyote vina utando mweupe kama dirisha la bafu. Mvuke wa supagluu ndio unaofanya hivyo, hasa ukiufungia ndani, na haufutiki kwa kitambaa. Nikatoa vyote, nikakata vingine, nikabandika kwa gundi nyeupe (kopo 3,000, ileile ya ribiti), ambayo ikikauka haionekani. Kioo popote pale, supagluu iwe mbali.

23 Februari. Rangi imekunjamana

Chini ya boneti la gari la mzee, mahali ambapo brashi haikuwahi kufika, kuna kijani chake cha kiwandani. Kijani kizito, wenyewe wanakiita Bronze Green. Nilitaka hicho.

Nikapulizia praima ya kopo (7,000), nikaipiga msasa, ikawa laini. Kisha nikapaka rangi ya mafuta ya kijani ya 6,000 kwa brashi, ile ya milango ya nyumba. Ikaacha michirizi. Nikasema basi, hii iwe ya chini, juu fundi rangi wa gereji apulizie rangi ya gari. Robo lita ya kuchanganywa 12,000, thina lita moja 6,000, ufundi 5,000.

Fundi aliuliza, "Chini umepaka nini?" Nikamwambia praima. Sikutaja rangi ya mafuta, niliona aibu ya michirizi. Alipopulizia tu, uso wa boneti ukaanza kutembea. Ukajikunja kama utando wa maziwa ya moto, mbele ya macho yetu, mlango baada ya mlango. Thina ya rangi ya gari ni kali, inaipenya rangi ya mafuta, inaivimbisha na kuinyanyua. Kinyume chake hakina shida, rangi ya mafuta juu ya rangi ya gari iliyokauka inakaa. Fundi aliweka bunduki chini akaniangalia.

"Kaka, ungeniambia. Hii hata ingekuwa gari la bosi ingekunjamana."

Kuitoa ilikuwa kazi ya wiki mbili. Kutumbukiza kwenye thina huwezi, puti na gundi vingelegea. Nilikwangua kwa wembe na msasa wa maji, namba 400 kisha 800. Nusu ya ribiti zilikwenda nazo. Misasa mitano, 5,000.

16 Machi. Rangi tena, na mvua

Fundi hakunidai ufundi mara ya pili, nikamnunulia soda ya 1,000. Safari hii ilikuwa praima yake na rangi yake tu. Nilimwomba aongeze nyeupe kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, kwa sababu rangi ileile kwenye kitu kidogo huonekana nzito kuliko kwenye gari zima. Alidhani namtania mpaka tulipoipaka kwenye kipande cha bapa na kukiweka kando ya boneti la mzee, kwa mbali.

Tulichosahau ni hewa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jasho halikauki mwilini. Rangi ikakauka na vumbi jeupe juu yake, kama majivu. Thina ikiruka kwa kasi hupooza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unatua hapohapo. Haikuwa msiba. Kesho yake saa nane mchana, jua kali, akapitisha ukungu mwembamba wa thina tupu, ule weupe ukayeyuka. Mtu wa pwani asipulizie rangi kati ya Januari na Aprili kama ana subira. Mimi sikuwa nayo.

30 Machi. Kutu

Hii ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi, na ndiyo iliyoniumiza.

Gari lilikuwa linang'aa, linafanana na la dukani. Nilitaka lifanane na gari lililokula barabara ya Newala kabla ya lami. Kwa siku tano nikalipaka kutu. Kahawia, chungwa, nyekundu iliyoiva, kwa kipande cha sponji, kwenye kingo za milango, chini ya boneti, kwenye kona za kasha. Sitadanganya, ilipendeza. Marafiki waliokuja dukani waliishika wakidhani ni chuma kinachooza.

Nikaibeba ndani ya boksi la runinga mpaka gereji. Mzee aliizungusha mkononi taratibu. Hakusema lolote. Akachukua msumari, akaenda kwenye gari lake, akakwangua ukingo wa mlango mbele yangu. Chini ya tabaka nne za rangi kukatokea mng'aro mweupe.

"Unaona kutu hapo?"

"Hapana babu."

"Basi wewe umetengeneza gari la nani?"

Bodi ya Land Rover ni alumini. Gari hili lilianza kuuzwa 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita na alumini ipo, na utaratibu ule ukabaki. Alumini haitoi kutu nyekundu. Kutu ya kweli ipo kwenye chesisi, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, kwenye bawaba na kwenye bolti. Nililipima gari lile siku nzima, nikalipiga picha zaidi ya mia, na sikuona. Nilikuwa na kutu kichwani tayari.

18 Mei. Makopo ya soda na chumvi

Nimesubiri kusi livume na hewa ikauke, na sasa nimerudi kazini.

Kama chini ya rangi inatakiwa alumini, niliona bora iwepo alumini. Nilipasua makopo ya soda, nikayanyoosha kwa mgongo wa kijiko, nikayasugua kwa msasa 800 kuondoa maandishi. Vipande vyembamba nikavikunja juu ya kingo zote, yaani juu ya milango, ukingo wa kasha, kona za boneti, ngazi ya kuingilia. Bahati nzuri kopo ni jembamba sana, halikuongeza unene wa kuonekana.

Kisha chumvi. Unalowesha alumini kidogo, unanyunyizia chumvi, unaacha ikauke ikagande, unapulizia rangi juu. Rangi ikikauka unasugua kwa mswaki, chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake. Panabaki mbanduko halisi wenye kingo zisizo na mpangilio, ambao brashi haiwezi kuuiga. Chumvi ya mawe ya hapa kwetu pwani, kutoka mashambani, ni kubwa mno. Punje ya milimita tatu kwa uwiano wangu ni mbanduko wa sentimita tatu. Niliitwanga kwenye kinu.

Jaribio la kwanza nilinyunyizia kila mahali. Gari likawa na ndui. Nikafuta, nikaenda tena gereji, safari hii bila futi kamba na bila simu. Nilikaa tu. Rangi imeisha palipoguswa. Ukingo wa nyuma wa kasha, ambapo magunia yalikuwa yanaburutwa, umebaki mweupe wote. Pembeni mwa kitasa kuna duara la vidole. Na juu ya mlango wa kulia, wa dereva, kuna mstari mmoja mrefu uliolainika kabisa, hauna hata chembe ya kijani. Mlango wa kushoto hauna. Nilikaa kitambo kabla sijajua ni nini. Ni kiwiko cha mzee.

Nimeweka chumvi mahali hapo, na penginepo pachache. Kiwiko sikukifanya kwa chumvi, nilikifanya kwa kidole na msasa wa 1200 uliochakaa, mara nyingi sana. Rangi ilikuwa ileile ya Machi, ilibaki ya kutosha. Kutu nimeiacha kwenye chesisi na bawaba tu.

1 Juni. Vumbi na magunia

Utingo mmoja wa basi aliniletea udongo mwekundu wa Newala kwenye mfuko wa nailoni. Ukiupaka hivihivi, chembe za mchanga zinaonekana kama kokoto. Niliukoroga kwenye ndoo ya maji, nikahesabu mpaka ishirini, nikamimina yale maji machafu kwenye beseni jingine na kuacha mchanga chini. Maji yakatulia siku mbili, nikayamwaga taratibu, tope lililobaki likakauka likawa laini kama poda ya mtoto. Hilo ndilo vumbi.

Nilikosea nilipolifunika kwa vanishi ili lisitoke, maana lilipotea lote, likageuka doa la kahawia lililolowa. Nikaosha. Sasa nimelibandika kwa maji yenye tone la gundi nyeupe na tone la sabuni ya vyombo, na juu yake sikupaka kitu. Mfano usishikwe ovyo, basi. Vumbi zito liko nyuma, kwenye mlango wa kasha, kwa sababu gari likienda linavuta vumbi mgongoni mwake. Kwenye kioo cha mbele nimeacha nusu duara mbili safi za waipa.

Magunia ya korosho nilianza kuyashona kwa kipande cha gunia la kweli, na yalionekana kama vikapu. Uzi wa gunia nao lazima uwe mwembamba mara kumi. Nilitumia shashi ya hospitali iliyochovywa kwenye chai ya rangi, ndani mtama, maana punje yake kwa jicho inakaribia korosho kwa uwiano huu. Magunia tisa. Kamba ni uzi wa kushonea mishipi uliopakwa udongo.

Gharama, kwa anayeuliza, zimefika 66,000. Ile 6,000 ya rangi ya mafuta imo humo, na sitaisahau.

8 Juni. Gereji

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda. Niliweka gari juu ya pipa mbele yake, nikarudi nyuma. Akavaa miwani. Akapitisha kidole, bila kugusa, juu ya mlango wa kulia. Akasimamisha kidole pale, akanitazama, akaendelea.

Akafika nyuma.

"Nani kakufundisha kufunga mzigo?"

"Hakuna, babu."

"Nilijua. Hapo mteremko wa kwanza tu, gunia la juu liko barabarani." Akavuta kigoda karibu, akaifungua kamba yangu kwa kucha, akaanza kuifunga upya, kutoka ndoano ya kushoto mbele, akivuka juu ya magunia, akirudi chini yake yenyewe. Vidole vyake ni vinene na uzi ni mwembamba, ilimchukua kama nusu saa. Fundi rangi alikuja akasimama kutazama. Alipomaliza, mzee aliivuta kamba mara mbili, gari zima likainama kwenye springi zake za mitumba.

Picha za fundo hilo ninazo kutoka pande nne. Silifungui.